Siku Tarishi Kasmiri Alipokimbia Tena

Mume wangu Kasmiri alikuwa tarishi wa posta. Siku hizo magari yalipanda Mahenge wakati wa kiangazi tu. Masika yakiingia, barabara ya kutoka mto Kilombero iligeuka tope la kufika magotini, na lori lililojaribu kupita lilikwama palepale mpaka Juni. Hapo barua za boma zilibebwa na watu. Kasmiri aliondoka Mahenge na mfuko wa turubai begani na mkuki mkononi kwa ajili ya wanyama. Alishuka mlima, akalala nyumbani kwetu Lupiro, kesho yake akavuka mto na kuufikisha mfuko Ifakara kabla jua halijachwa. Wanawake waliokuwa shambani wakimwona anapita, saa ileile kila safari, waliambiana, "Tarishi huyo, twendeni tukabandike chungu." Nilimpenda kwanza kwa ajili ya miguu yake, sioni haya kusema. Mengine niliyajua baadaye.

Masika ya mwaka 1953 usingizi ulimwisha. Siku moja aliuweka mfuko wa barua mbali na nyumba, chini ya mti, akaja kuniambia kwa sauti ya chini, "Mama Theodori, mfuko ule umejaa watu. Wanaongea, hawanyamazi."

Nilidhani ananitania. Wiki iliyofuata aliuzika mfuko wa serikali kando ya shamba la mpunga kule Igota ili watu wale wapumzike. Boma walimtafuta, mfuko ukafukuliwa, naye akaachishwa kazi. Wangeweza kumfunga jela, lakini karani alimsikiliza kwa dakika chache tu, akasema aondolewe, huyu ni mgonjwa.

Baada ya hapo mambo yaliharibika haraka. Aliingia mtoni mahali penye mamba, akasimama maji yakimfika kifuani akihutubia watu wasioonekana. Alimpiga jirani kwa mchi. Waganga wawili walikuja, mbuzi wakaisha bandani, hali ikabaki ileile. Mwishowe kaka yake mkubwa, Melkiori, ambaye alikuwa mvuvi, aliwaita ndugu, wakakubaliana. Melkiori akakata gogo la mninga, akalitoboa, mguu wa kushoto wa Kasmiri ukapitishwa kwenye tundu na kigingi kikagongelewa ili usitoke.

Na mimi nilikubali. Nataka hilo lijulikane. Miezi minane alikaa chini ya ghala letu la mpunga na gogo lile mguuni. Nilimlisha, nilimwogesha, na nilipokwenda shambani nilimwacha pale kama mbuzi.

Aliyemtoa ni Sista Emerensiana. Alikuwa Mpogoro kama sisi, mzaliwa wa Mahenge, akifanya kazi ya uuguzi misheni ya Ifakara, na alikuja Lupiro kila mwezi kupima watoto wachanga. Siku hiyo alikatiza uani kwetu akamkuta Kasmiri. Hakunikaripia. Alichuchumaa mbele yake na kumwuliza, "Habari za safari, tarishi?"

Kasmiri aliinua uso akamwangalia. Kisha akajibu neno la kwanza lenye maana tangu nianze kumlisha pale. "Safari haipo, Sista. Mguu umefungwa."

Sista akasimama, akamwita Melkiori. "Toeni mguu huu leo. Nitampokea mimi Ifakara."

Melkiori aling'oa kigingi kwa mikono yake. Mguu ulipotoka ulikuwa mwembamba kama fimbo, na kifundo kilikuwa na kidonda kilichozunguka pande zote. Melkiori aliuona, akageuka, akaenda zake mtoni. Tangu siku ile hakukanyaga tena kwetu, wala hakuzungumza na mdogo wake.

Ifakara tulikaa karibu mwaka mmoja, yeye akitibiwa na mimi nikipika. Nyuma ya hospitali Sista alikuwa na kijumba cha vyumba viwili kwa ajili ya watu walioumwa akili. Hakikuwa na magogo wala minyororo. Kulikuwa na dawa ya kuwatuliza, chakula cha uhakika, bustani ya mboga ya kulimwa asubuhi, na sauti ya Sista ambayo haikupanda hata mgonjwa alipotupa sahani. Akili ya Kasmiri ilirudi polepole, kama maji ya mafuriko yanavyoondoka shambani, leo tuta hili linaonekana, kesho lile. Siku aliponiuliza mpunga unauzwaje mwaka huu, nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha.

Lakini vyumba vilikuwa viwili tu. Kila wiki ilileta watu waliopaswa kurudishwa. Mwanamke mmoja aliyeitwa Verediana alitoka kijiji cha Kisawasawa na ndugu zake, siku mbili njiani, wamembeba binti yake kwenye machera. Sista aliwaonyesha mikeka iliyojaa hadi barazani. "Sina pa kumlaza, mama," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Sina kabisa."

Wale watu wakaanza kuinua machera. Kasmiri alikuwa anapalilia mchicha. Aliweka jembe chini, akaenda mpaka kwa Sista.

"Mpe kitanda changu. Mimi narudi nyumbani."

"Hujapona sawasawa, Kasmiri."

"Nimepona kuliko yeye."

Sista alimtazama, akamtazama na binti. Akakubali, kwa sharti kwamba Kasmiri atakuja kila mwezi kuchukua dawa. Mchana uleule tulifunga mzigo wetu.

Lupiro haikutupokea vizuri. Kasmiri akienda kwenye pombe alipewa kibuyu chake peke yake. Watu wakimwona njiani walipisha, na akina mama waliwaita watoto ndani. Yeye hakugombana na mtu. Kila asubuhi alitembea mpaka Igota na kurudi, akichechemea. Baada ya miezi kadhaa nikaona anatembea haraka, kisha anakimbia kidogo, kisha anakimbia njia yote. Nikimwuliza anakwenda wapi alisema, "Naupeleka mguu shule."

Mwaka 1956, alipokwenda kuchukua dawa, Sista alimwambia habari. Misheni ilikuwa tayari kutoa mabati na fundi kwa ajili ya nyumba kubwa ya wagonjwa, vyumba vinane, kama wenyeji wa bonde wangeleta matofali ya kuchoma na chakula cha wajenzi. Kasmiri alirudi akiwa na neno hilo tumboni, hakulala nalo siku nyingi. Siku ya gulio alipanda juu ya kreti la samaki, akawaomba watu matofali. Mwenye uwezo wa kumi atoe kumi, mwenye uwezo wa moja atoe moja.

Wa kwanza kujibu alikuwa Fulgensi, fundi baiskeli. Mwaka huo Fulgensi alikuwa amechoma tanuri kubwa la matofali ili ajenge nyumba yake mwenyewe, na Lupiro nzima ilikuwa imechoka kusikia habari za nyumba hiyo.

"Matofali yangu nimpe kichaa akawajengee vichaa?" alisema, na watu wakacheka.

Kasmiri hakushuka kwenye kreti. "Fulgensi, barua za kaka yako kutoka Dar es Salaam, masika yote yale, ulikuwa unaletewa na nani?"

"Na wewe. Ulipokuwa mtu."

Kicheko kikakatika. Nilidhani Kasmiri atampiga, na hapo yote yangeishia palepale.

"Sawa," Kasmiri alisema. "Nikikimbia kutoka Mahenge mpaka Ifakara kwa siku moja, nitoke alfajiri, nifike kabla ya kengele ya jioni ya kanisani, nitakuwa mtu?"

Watu wakatazamana. Alipokuwa mzima kabisa, mwendo huo ulimchukua siku mbili.

"Utapotelea porini kabla hujafika hata hapa," Fulgensi akasema. "Lakini haya! Kila maili utakayokimbia nakupa matofali hamsini. Hamsini kila maili! Na nitakufuata kwa baiskeli nihesabu mwenyewe, usije ukanidanganya."

Muuza samaki mmoja, mwanamke mzee, akapaza sauti, "Na mimi kila maili kibaba cha mchele!" Mwingine akasema matofali mawili kila maili, mwingine fito, mwingine kuku mmoja kila maili kumi. Mwalimu wa dini, Polikarpo, akatoa daftari akaanza kuandika majina. Baadhi waliahidi kwa moyo, na baadhi waliahidi kwa kejeli, wakijua kwamba kichaa hafiki maili ya pili. Polikarpo aliwaandika wote kwa mwandiko uleule.

Siku ilipangwa katikati ya Agosti, mavuno yakiwa yamekwisha na barabara imekauka. Kasmiri na Fulgensi walipanda Mahenge siku mbili kabla. Yaliyotokea mlimani siku yenyewe nilisimuliwa na Fulgensi, na alisimulia mara nyingi hata nayajua kama niliyaona.

Waliondoka bomani saa kumi na moja alfajiri, Kasmiri kwa miguu, Fulgensi juu ya baiskeli. Kwenye mteremko Fulgensi akatangulia, akipiga kengele na kucheka. Breki zikamshinda. Kasmiri alipokata kona alimkuta ndani ya kichaka cha miiba, baiskeli ikiwa juu yake. Angeweza kupita. Alisimama, akamtoa, akanyoosha usukani kwa magoti, akamwambia, "Twende, fundi. Nani atahesabu maili zangu?" Huko chini kwenye tambarare mnyororo ukakatika, ukaungwa kwa waya, ukakatika tena, na safari hii waya ulikuwa umekwisha. Kuanzia hapo Fulgensi alisukuma baiskeli akikimbia pembeni yake.

Lupiro walifika saa sita mchana. Tulikuwa tumejaa barabarani tangu asubuhi, wengine wakiwa wamekuja kuona kioja. Fulgensi alikuwa mweupe kwa vumbi kutoka kichwani mpaka miguuni. Watu walimzunguka wakimwuliza, naye akainua mkono. "Maili ishirini na saba. Msiniulize kitu kingine."

Nilimpa Kasmiri uji na pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga ambao anaupenda. Alikula amesimama. Nilipotazama chini niliona lile kovu la kifundo limefunguka na damu imeshuka mpaka kwenye vidole.

"Baba Theodori, inatosha," nilimwambia. "Ishirini na saba ni nyingi. Wameshaona."

Akafunga kitambaa pale penye kidonda, akakaza fundo. "Mama Theodori, mguu huu ulikaa miezi minane bila kwenda popote. Leo uache uende."

Akaondoka. Nikajifunga khanga kiunoni nikamfuata, na wanawake kumi hivi wakanifuata mimi. Hatukumwambia mtu kwamba tunakwenda Ifakara, tulianza tu kutembea. Alituacha mapema, lakini kila kijiji tulichopita, Igota na Minepa, tulikuta watu wamesimama mbele ya nyumba, na wengine wakaunga safari.

Kufika mtoni saa kumi na nusu, nilimkuta Kasmiri amekaa chini kwenye mchanga, mguu ameunyoosha. Alikuwa amesubiri saa nzima. Pantoni ilikuwa ng'ambo ya pili, na lori lilikuwa limekwama juu yake, magurudumu ya mbele nchi kavu na ya nyuma bado ndani. Wavushaji walikuwa wakilisukuma bila mafanikio. Fulgensi alisimama kwenye ukingo maji yakimfika kwenye magoti, akipiga kelele mpaka sauti imekauka: "Leteni pantoni! Tarishi anapita! Leteni pantoni, nyie!" Matofali yake mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yanakwenda, na sijui kama wakati ule alikuwa bado anakumbuka.

Ndipo mtumbwi ukachomoza kutoka kwenye matete, upande wa juu wa mto. Aliyeupiga kasia alikuwa Melkiori.

Mtumbwi uligusa mchanga. Kasmiri akainuka kwa shida.

"Shikamoo, kaka."

Melkiori hakuitikia palepale. Alikuwa anatazama kitambaa chenye damu. "Nimekaa kwenye matete yale tangu asubuhi," alisema mwishowe. "Nilisikia unapita leo. Nilitaka nikuone tu, kwa mbali." Akaushikilia mtumbwi kwa kasia. "Marahaba, mdogo wangu. Marahaba. Panda."

Tulipanda watatu, Kasmiri, mimi na Fulgensi, baiskeli tukaiacha kwa wanawake. Katikati ya mto viboko walikuwa wamejilaza upande wa chini, na Melkiori aliwazungukia kwa mbali, macho yakirudi kila mara kwenye mguu wa mdogo wake.

"Kasmiri, mimi ndiye niliyelikata lile gogo."

"Najua, kaka."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Sasa piga kasia, kengele haitatusubiri."

Melkiori akacheka huku analia, akapiga kasia hata mtumbwi ukainua pua. Ng'ambo, Kasmiri alijaribu kushuka, goti likakataa. Mguu ulikuwa umekakamaa kwa kukaa. Melkiori akamkalisha ukingoni, akaupakata mguu uleule mapajani mwake, akaukanda kwa mafuta ya samaki, kwa nguvu, kuanzia pajani mpaka unyayoni, mpaka Kasmiri akasema, "Basi, unaishi sasa." Akasimama. Akapiga hatua mbili za kuchechemea, ya tatu, ya nne, akaanza kukimbia.

Zilibaki maili tano.

Mimi ni mkulima, nimebeba magunia maisha yangu yote, lakini sikuwa nimekimbia tangu nivunje ungo. Siku ile nilikimbia. Fulgensi alikimbia kando yangu akihema kama mvuba wa mhunzi. Melkiori aliuvuta mtumbwi nchi kavu, akatufuata. Habari zilikuwa zimetutangulia. Watu walitoka kwenye mashamba yaliyovunwa wakiwa na mundu mikononi, wanawake wakapiga vigelegele, vijana wa Kindamba waliokuwa wakirudi kuvua wakatua samaki zao wakaingia barabarani. Nilipogeuka nyuma sikuona mwisho wa watu. Na wale waliokuwa wakipisha njia akipita, sasa walinyoosha mikono wamguse bega.

Jua lilikuwa jekundu juu ya milima tulipoona mnara wa kanisa. Mpiga kengele, tuliambiwa baadaye, alikuwa ameshika kamba tayari, lakini alikataa kuiba hata nusu dakika, kwa faida ya upande wowote. Kasmiri alipita kanisani, akakata kulia, akaingia uwanja wa hospitali. Wagonjwa wote walikuwa wamesimama mbele ya kile kijumba cha vyumba viwili. Aliweka viganja vyote viwili kwenye mlango wake. Akapumua mara tatu, nilihesabu. Kisha kengele ikalia.

Kelele zilizofuata siwezi kuzieleza. Fulgensi alipanda juu ya pipa la maji akitangaza kwa sauti yake iliyokauka, "Maili arobaini na sita! Nimehesabu mwenyewe! Nani anabisha?" Sista Emerensiana hakupiga makofi. Alipiga magoti, akafungua kitambaa, akaangalia kidonda. "Umekiachaje kidonda kikawa hivi?" akamgombeza. "Wewe mtu mzima!" Halafu akaweka paji la uso wake juu ya goti la Kasmiri, mabega yakamtikisika.

Ahadi zilitimizwa, hata za wale waliotania, maana hakuna aliyetaka jina lake lisomwe na Polikarpo mbele ya gulio zima. Matofali yalivuka mto kwa pantoni, kwa mitumbwi, mengine yakaenda Ifakara vichwani mwa wanawake. Fulgensi alitoa yake yote elfu mbili na mia tatu. Aliishi mwaka mwingine mzima kwenye nyumba ya udongo, na mgeni akimwuliza habari za ujenzi alijibu, "Nyumba yangu iko Ifakara, ina vyumba vinane." Nyumba hiyo ya wagonjwa ilifunguliwa kabla ya Krismasi ya mwaka 1957, na Kasmiri akaajiriwa humo kuwa msimamizi wa wagonjwa. Alivaa kaptula ya kaki, na kila asubuhi alitoka nao kutembea, mstari mrefu, mpaka mtoni na kurudi.

Nasi tukaendelea na mbio kila Agosti. Mwaka 1957 walikimbia watu ishirini, na mwaka uliofuata huo walizidi mia, kila mmoja na watu wake waliomwahidi kitu kwa kila maili. Mablanketi, sabuni na magodoro ya wagonjwa yalitoka huko. Wazee na wanawake wenye watoto mgongoni hawakukimbia, walianza safari siku moja mapema wakatembea taratibu, na wengi wao walikuwa na mgonjwa wao katika nyumba ile na hawakuona tena haya kusema hivyo hadharani.

Mwaka 1959, kabla tu ya Minepa, mtu mmoja alimpita Kasmiri. Tangu aanze, hakuna aliyewahi kumpita. Alikuwa msichana, Digna, mwalimu mpya wa shule ya Mahenge, amevua viatu amevishika mikononi. "Samahani, baba, shikamoo!" alisema akipita, na hakusubiri kuitikiwa. Alifika Ifakara nusu saa nzima mbele yake.

Nilimngoja Kasmiri kwenye geti la hospitali nikifikiri atakuwa amenuna. Alikuja akikimbia kwa miguu yake yote miwili, khanga za wanawake waliomfuata zikipepea nyuma yake, na kabla hajanifikia alikuwa anapaza sauti kwa furaha: "Mama Theodori! Umemwona yule binti? Umeona alivyonipita?"